Wimbo wa Sekela Haumo Tena Kwenye Kanda Yako

Lusekelo mwanangu, wimbo wa mwisho kwenye kanda yako haumo tena. Nimeufuta mimi. Leo mchana, ulipokwenda Ngonga kumuaga babu yako, niliitoa kanda kwenye begi, nikaitia kwenye redio kaseti ya mjomba, nikaisogeza mpaka unapoanzia wimbo ule, nikabonyeza kile kitufe chekundu pamoja na cha pembeni yake, kama ulivyonifundisha mwenyewe, nikakaa kimya mpaka upande ule ukaisha. Nimeitanguliza habari hii mbele ya salamu ili usije ukaigundua ukiwa Dar es Salaam, umekaa mbele ya yule bwana wa Kariakoo anayetoa kaseti, naye ametega sikio akisubiri sauti ya mama yako.

Sasa salamu. Nazo ni za kuchekesha, kwa sababu uko chumba cha pili unakunja mashati na nakusikia unapiga mluzi. Ningeweza kuinuka nikaja kukwambia kwa mdomo. Lakini tukianza kuongea utanishinda, maana maneno umeyarithi kwangu, baba yako alikuwa mtu wa kuguna tu. Kwa hiyo naandika. Barua hii naiweka kwenye mfuko wa koti, utaikuta ukishapita Tukuyu, baridi ikikulazimisha kulivaa. Hapo utakuwa mbali kidogo, utakasirika bila kunifikia.

Mambo ya kuficha hela kwenye soksi na kutokula chakula cha mtu usiyemjua atakwambia mjomba wako Anangisye, anayapenda. Mimi nina hili moja.

Najua nilichokuondolea. Najua hakuna nakala. Ile kaseti uliyonirekodia ulishaijaza mazoezi yako ya gitaa, na fundi wa studio ya Mbeya anafuta mikanda yake mikubwa ili warekodie wengine, ulituambia hivyo ukisikitika. Na najua yule bwana, aliyeisikia kanda mara moja tu alipopita Mbeya kwa fundi, alikuandikia kwamba nyimbo zako nane ni nzuri, ila aliousikia na akashindwa kulala ni ule wa tisa, wa mama anayelia peke yake bila chombo. Jana ulipotupigia kanda nzima sebuleni, nilipiga makofi pamoja na wageni. Niliona fahari, nisikudanganye. Nilimtazama jirani yetu mama Tumpe, aliyezoea kusema wanangu ni wavivu, nikaona anafuta macho kwa upindo wa kitenge, nikasema moyoni, haya, leo umepata. Kisha wageni wakaenda, nikabaki na vikombe, na fahari yote ikaniisha.

Watakuuliza huko kwa nini mama yako alifanya hivyo. Nataka uweze kuwaeleza, kwa hiyo naanza mwanzo, hata yale unayoyajua.

Kuanzia Ngonga mpaka Kasumulu hakuna mwanamke aliyenishinda kulia msibani. Hilo wala silisemi kwa kujigamba, waulize watu. Darasa nililiachia la nne, kusoma nikamalizia kwa elimu ya watu wazima, lakini msibani hata walimu walikuwa wananisogelea. Wengine wanalia kwa sauti kubwa, basi, sauti tu. Mimi nilikuwa namlilia mtu mwenyewe. Nikifika kwenye msiba sianzi kulia. Nakaa kwanza jikoni na wanawake, nasikiliza marehemu alikuwa anapenda nini, alikuwa anakohoa vipi, alimgombeza nani mara ya mwisho. Hapo ndipo namtungia. Wimbo ule unakuwa wake. Ukishaimbwa siku ile, pale nyumbani kwake, unabaki pale. Wiki inayofuata kwenye msiba mwingine siuimbi tena, kama vile huwezi kumvua maiti nguo ukamvalishe mwingine. Hakuna aliyetufundisha hilo kwa kitabu. Lilikuwa hivyo tu.

Baba yako alipofariki ulikuwa mdogo, lakini baiskeli yake unaikumbuka. Alivusha mchele na kokoa kwa baiskeli ile miaka yote, hata ile ambayo tulikuwa tunaficha sabuni chini ya mchele tukivuka mto Songwe mpakani. Nilimlilia kwa baiskeli. Nilikuwa nasema, baba Lusekelo, baiskeli inauliza, na wanawake wanaitikia, inauliza. Imeegemea ukuta, inauliza. Mvua inainyeshea, inauliza. Mpaka wanaume waliokuwa wakipiga ngoma wakaweka magongo chini.

Ilikuwa ndiyo miaka vitu vilipoanza kuingia kwa wingi. Mjomba Anangisye alikuwa amerudi kutoka migodini Zambia na hiyo redio kaseti, anaibeba begani kama mtoto. Baba yako mdogo alikuwa bado Kitwe, hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Anangisye akaniambia, dada, nikurekodi, tumpelekee ndugu yake, naye alie. Nikakubali. Na leo ningekubali tena. Kaseti ilikuwa ya mtu mmoja, yule aliyekosa kufika. Ilikuwa ni kumletea msiba mahali alipo.

Ila Anangisye alitaka ibaki nakala moja nyumbani, kwa ajili yako ukikua. Akaipeleka Mbugani, kwenye kibanda cha Salumu, pale ulipokuja kushinda baadaye ukitazama picha za wanamuziki ukutani. Salumu alikuwa na mashine mbili zilizounganishwa kwa waya. Akaisikiliza alipokuwa anairekodi. Jioni alikuwa amejirekodia yake. Wiki iliyofuata ilikuwa inauzwa.

Mimi nilijuaje? Nilikuwa Kasumulu mpakani nikiuza ndizi zangu, nikasikia sauti yangu inatoka kwenye gari la mzigo la Mmalawi. Nikadhani nimepatwa na wazimu wa ujane. Nikamwuliza dereva kwa Kinyakyusa, huyo anayelia ni nani. Akanijibu kwamba ni mwanamke mmoja hodari wa Tanzania, kule kwao Karonga nzima wanaye. Nikamwambia, ni mimi. Akacheka, akanunua ndizi, akaondoka bila kuamini.

Unadhani nilikasirika? Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi kama msichana. Salumu alikuja mwenyewe na sukari na kanga, amevaa kofia yake safi, akakaa pale ukumbini kwa adabu. Alisema, "Mama Lusekelo, mimi nikiacha kurekodi, wa kibanda cha jirani atarekodi. Wimbo wako umeshatoka mlangoni. Bora utoke kwangu mimi ninayekuja kukusalimia." Nikamjibu kwamba hajakosea. Nikamwomba anipe kaseti za kugawia wageni, akanipa, nikazigawa. Mtu akija kutoka Mbeya, kabla hajanywa chai, nampa kaseti. Nilijiona nimekuwa mkubwa. Nisikilize vizuri hapa, mwanangu: ubaya haukuanza na Salumu. Salumu alikuwa anafanya kazi yake. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa kilio cha mume wangu kama pipi.

Walianza kuniita kwenye misiba ya mbali. Magari yanakuja kunichukua. Nikifika wananiambia, mama, imba ule wa baiskeli. Nawaambia ule si wa marehemu wenu. Wanasema, tunajua, lakini ndio tunaoujua, watu wameujia huo. Mwanzo nilikataa. Kisha nikawa nauimba mwishoni, baada ya kumwimbia marehemu wake. Kisha nikawa naanza nao, ili nisipigizane kelele na watu. Jikoni sikukaa tena kuuliza habari za mtu. Kwa nini niulize?

Halafu wakaacha kunifuata. Kaseti haili, haihitaji gari, haipatwi na mafua. Nikaona ni sawa, nimezeeka kidogo, nipumzike.

Sasa Sekela.

Sekela unamfahamu kama yule mama mnene wa Ngonga aliyekuwa anakupa ndizi za kuchoma na kukuita mume wangu. Kwangu alikuwa zaidi ya ndugu. Alikuwa Mkisi, wale wafinyanzi wa huko Ikombe ziwani, aliletwa Ngonga na ndoa, na tulikutana sokoni anauza vyungu vya kwao. Alikuwa anagonga kila chungu kwa kifundo cha kidole kabla hajakupa, anainamisha kichwa, anasikiliza, kisha anasema, huyu mzima, au, huyu ana kikohozi, chukua mwingine. Na akikusimulia kitu cha kuchekesha anacheka kabla hajafika mwisho, mwisho wenyewe huupati. Nina hadithi zake nyingi ambazo mpaka leo sijui ziliishaje. Tulikuwa tumeshapatana, tukiwa tunapalilia mpunga, magoti kwenye matope. Alisema, "Ukitangulia, nitakulilia kwa Kikisi, hata wasielewe. Nikitangulia mimi, unililie na vyungu vyangu." Nikamwambia atatangulia yeye kwa unene ule. Akacheka. Akatangulia kweli.

Habari zilinikuta hapa mjini. Nilikwenda Ngonga kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara, na njia nzima nilikuwa namtunga. Nilikuwa sijatunga kwa muda mrefu, lakini maneno yalikuja yenyewe. Nani atagonga, nani atasikiliza. Nilipofika kwenye migomba ya kwao nilikuwa naye mzima, kuanzia kucheka mpaka kidole.

Nikasikia baiskeli inauliza.

Walikuwa wameweka redio kaseti juu ya kiti mbele ya jeneza, na spika mbili za kuazima kanisani. Sauti yangu inamlilia baba yako, na watu wamekaa chini ya turubai wanaitikia, inauliza, inauliza. Sekela hajawahi kupanda baiskeli maisha yake yote, alikuwa anaziogopa. Nilisogea mbele mpaka kwenye jeneza. Kijana aliyekuwa anatunza mashine, mpwa wa mume wake, akanigusa bega.

"Mama, sogea kidogo, unaziba spika."

Bibi mmoja akamwambia kijana, huyo ndiye mwenyewe anayeimba. Kijana akanitazama kuanzia miguu yenye matope. "Mwenyewe si alishafariki," akasema. Hakuwa ananitukana. Alikuwa anajua hivyo.

Walizima. Mume wa Sekela, mzee Ambokile, ndiye aliyesema wazime, waniache. Nikasimama, nikaanza. Sekela, nani atagonga. Nikaona nyuso zinatafuta la kuitikia. Kisha mwanamke mmoja nyuma, kwa nia njema kabisa, akaitikia, inauliza. Wengine wakashika. Nikapandisha sauti: nani atasikiliza. Wakaitikia, inauliza. Nikabadilisha mahadhi, wakanifuata na mahadhi ya kaseti, kwa sababu masikio yao yalikuwa yameshajazwa, sauti yangu ilikuwa na maneno yake tayari. Na mimi nilikuwa nimechoka na nimelowa. Kinywa changu chenyewe kikageuka. Nikaimba baiskeli. Niliimba mpaka mwisho, Lusekelo, mbele ya Sekela, na watu walilia sana. Baada ya mazishi walinishika mikono wananiambia ndaga fijo, asante sana, leo umetuliza. Na ipo sehemu yangu ambayo ilifurahi.

Sekela alizikwa na kilio cha baba yako. Naye baba yako hana tena cha kwake. Wameondolewa vilio vyao wote wawili, na aliyewaondolea ni mimi, kwa kinywa hiki ninachokisifia.

Tangu siku ile wimbo wa vyungu nilikuwa nauimba peke yangu. Sikuuimbia watu. Niliuimba nikiwa naanika kokoa, nikiwa napepeta. Kila mara uliongezeka kidogo. Nilikuwa nautunza. Nilimwahidi Ambokile kwamba siku watakapojengea kaburi, watu wakikusanyika tena, nitaurudisha kwa mwenyewe. Hilo hukulijua kwa sababu sikukwambia, na hilo si kosa lako. Siku ile ulipoweka redio kaseti dirishani nilidhani unasikiliza mpira. Ulinirekodi kwa upendo, ukaenda nayo Mbeya, ukaiweka mwisho wa kanda kama zawadi. Ungekuwa mwana wa mwingine ningekusifu.

Lakini fikiria. Yule bwana anaitoa. Zinachapwa kaseti nyingi. Maredio haya mapya ya watu binafsi yanaipiga. Unafika Mbeya, unafika Mbugani, Salumu anaurekodi maana ndiyo kazi yake, unafika Ngonga. Siku ya kaburi nasimama, naanza, nani atagonga, na watu wote wanaitikia vizuri kabisa, kwa sababu wameshausikia kwenye mabasi wakila karanga. Wameshauchezea. Umeshatumika kulilia watu wasio Sekela. Nitakuwa nampelekea nini? Kwa hiyo nimeufuta. Kanda ikifika pale utasikia mvua juu ya bati na kuku mmoja na mimi nikikohoa. Nilijaribu kutokohoa.

Zile nyimbo zako nane ni habari nyingine. Juzi mlibishana na mjomba wako mpaka wali ukapoa. Yeye anasema usimpe mtu wa redio wala mwenye kibanda chochote, kwamba anayepika wali akaugawa barabarani kisha akafungua mgahawa, nani ataingia. Na wewe ukamjibu kwamba asiyeonja ataujuaje mgahawa. Niliwaacha mbishane kwa sababu nilitaka kula. Sasa nasema yangu: zigawe. Ule wa ofisa wa mpakani anayekagua mpaka ndani ya mayai, ule wa msichana wa Matema, ule wa mpunga, zote zigawe. Ulizitunga ili mtu asiyekujua aingie akae. Mjomba anadhani ukizifungia zitabaki zako. Zitabaki kwenye begi tu.

Ila usiende ukidhani zitakurudishia kitu. Mimi wimbo wangu ulinirudishia sukari na kanga, na kanga ilichuja. Wewe pengine utapata zaidi, una akili kuliko mimi, ingawa sura ni yangu. Lakini lingine litakupata, na hakuna atakayekwambia. Siku moja utaingia mahali, wanapiga wimbo wako, na mtu atakuomba usogee unaziba spika. Utataka kuimba jipya, watakuitikia la zamani. Utazeeka, kaseti haitazeeka, na watu wataipenda kaseti kuliko wewe, bila ubaya wowote. Ukiyajua hayo ukagawa, umegawa kwa macho. Mimi niligawa kwa kufumba.

Na uwe nacho kimoja ambacho hukirekodi. Hata kama kitakuwa ndicho kizuri kuliko vyote. Hasa kikiwa ndicho kizuri.

Pengine yule bwana atakurudisha mlangoni bila wimbo wa tisa. Hilo nimelifikiria nikiwa nimeshika kitufe, na sikukiachia. Kama ni hivyo, mama yako ndiye aliyekukosesha, usimtafute mchawi mwingine. Unaweza kunichukia mpaka Iringa, hata kupita. Sitajitetea.

Nina neno moja la kukuomba nikiwa bado nina pumzi ya kuomba. Aliyetakiwa kunililia mimi alikuwa Sekela. Sasa hayupo. Dada zako wana sauti za milango. Siku yangu ikifika, hawa vijana wa mashine wataleta spika, wataweka baiskeli, na watu wataitikia, na mimi nitalala pale nikisikia sauti yangu inamlilia mtu mwingine. Usikubali. Uzime. Ukae kwanza jikoni uwaulize wanawake nilikuwa mtu gani, watakuambia nilikuwa na maringo, uliimbe hilo. Utunge hapo hapo, hata kilio kikitoka kibaya. Kiwe kibaya lakini changu.

Ili ujifunze, inabidi uone mara moja jinsi inavyofanywa, kwa sababu kwenye msiba wa baba yako ulikuwa umelala mgongoni kwa shangazi, na kwa Sekela uliyoyasikia ni yale ya baiskeli. Kwa hiyo njoo siku ya kujengea kaburi lake, hata kama bwana wa Kariakoo hajakujibu, hata kama bado umenuna, njoo umenuna hivyo hivyo. Redio kaseti iache huko. Mjomba wako nimeshamwambia yake ibaki nyumbani, amekasirika. Mzee Ambokile ameshanunua saruji, kokoto zinakuja kwa trekta la kanisa, watu wa Ikombe watavuka kwa mtumbwi wakiwa na chungu kipya cha kuweka kichwani pa kaburi, na nitakigonga mbele ya watu kabla sijafungua mdomo. Sote tunategemewa Ngonga Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mama yako